Albamu Tamu, Lakini Wimbo wa Tatu Una Mwenyewe

Wadau, leo naomba mnivumilie. Najua mmezoea hapa tunaongelea nani kaachana na nani na nani kavaa nini kwenye tuzo, ila mie leo nina povu, na lisipotoka litanidhuru. Linahusu ile albamu. Mnaijua ninayoisema, ile ya vayolini na piano ambayo mwenye nayo anasema aliipata msituni Amani, kule Usambara Mashariki. Jina lake naliweka kapuni. Si kwamba namwogopa, ila nikilitaja tu nusu yenu mtaacha kusoma mkimbilie kupigana timu kwa timu. Jina la lebo nalo kapuni. Na jina la bibi nitakayemtaja huko mbele lipo kapuni pia, yeye kwa heshima yake, maana hakunituma nimtangaze mitandaoni.

Nianze kwa kukiri: albamu ni nzuri. Tena nzuri sana tu. Nimeisikiliza kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa tisa mara sijui ngapi, kwenye daladala, nikiosha vyombo, na usiku mmoja umeme ulipokatika nikaisikiliza gizani hadi simu ikazima. Kwa hiyo atakayekuja kuniambia nina wivu, au sijaisikiliza, ajue nimeshamjibu hapa.

Siku ilipotoka mlicheka sana. Waliandika kwamba ni "popu ya chemba", basi watu hoi: chemba si ile ya maji taka? Ikatengenezwa picha ya dada wa watu akiinuka kwenye mfuniko na vayolini mkononi. Nilicheka na mimi, siwezi kudanganya. Ila kwa wasiojua, chemba hapo ni chumba. Ni muziki wa kundi dogo linaloweza kuenea sebuleni kwa mtu: vayolini mbili, selo, piano, filimbi, halafu juu yake mtu anaimba nyimbo za kawaida zenye melodi ya kushika. Hamna biti ya kompyuta inayokupiga kifuani. Na Kiswahili chetu kinalielewa neno hilo tangu zamani. Ukimvuta mtu chemba, unataka kumnong'oneza. Huyu dada ananong'ona albamu nzima, ndo maana lazima uzime feni umsikie.

Vicheko vilipoisha yakaja matusi. Eti muziki wa msibani. Eti muziki wa lifti ya hoteli. Eti kajifanya mzungu, vayolini na sisi wapi na wapi. Hilo la mwisho ndilo lililonikera, kwa sababu ni ujinga unaojisifu.

Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa Zanzibar mwaka 1905. Culture Musical Club ipo tangu 1958. Wasikilize hao: safu ya vayolini, selo, besi kubwa la kusimama, kanuni, udi, nai, akodiani. Bibi zetu wamelizwa na vayolini kwenye harusi kabla ya babu za hao watoa povu kushika gitaa la umeme. Waliopiga nyuzi kwenye albamu hii wenyewe wamefundishwa Unguja, na inasikika. Kuna mahali kwenye wimbo wa tano vayolini inateleza kutoka noti moja kwenda nyingine, ile teleza ya taarabu, haifundishwi Ulaya ile. Kwa hiyo aliyesema "si wa kwetu" hajui hata cha kwetu ni kipi. Huyo nimemaliza naye.

Sasa msitu. Hapa nampa dada maua yake mazima mazima, kwa sababu mimi ni mgosi, nimekulia kule juu, na nilikuwa tayari kumkamata akidanganya. Hakudanganya. Wimbo wa pili unaanza na mvumo, selo inavutwa kwa pumzi fupi fupi, fuu, fuu, fuu. Nilisimama katikati ya chumba. Zile ni mbawa za hondohondo! Mtu asiyefika Amani hawezi kujua kwamba yule ndege unamsikia kabla hujamwona, anapita juu ya miti kama kitu kinachovutwa na mashine. Wimbo wa sita una perere. Perere ni kamnyama kadogo tu, ukikaona mchana unakadhani sungura, lakini usiku kanapiga kelele mtini kama mtu anayenyongwa, inapanda, inapanda, halafu inakatika. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukiisikia tunavuta shuka. Huyu dada ameichukua kelele ile akaipa vayolini ya pili, na vayolini ya kwanza ikawa inaibembeleza. Nikajisemea, huyu mtu kweli alikesha.

Na mvua yake ni mvua yetu. Haiji kwa kishindo kama ya Dar. Inaanza kama ukungu, unaona majani yameloa na hujasikia tone. Ile misitu ndo ilivyo. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kule Kenya hadi Udzungwa, inapata unyevu wa Bahari ya Hindi, na wataalamu wanakadiria misitu yake imedumu miaka kama milioni 30, sehemu nyingine za Afrika zikikauka na kurudi kijani na kukauka tena. Ndo maana kuna vyura na ndege na mimea isiyopatikana kwingine popote. Anaposema msitu ni wa kale, hajatia chumvi.

Lakini sasa soma maelezo ya albamu. Yapo kwenye kijitabu, yapo kwenye mahojiano yote, yamerudiwa na kila blogu iliyonakili bila kufikiri. Anasema alikwenda "kwenye msitu usioguswa na binadamu", akakaa "peke yake na miti", na nyimbo "zikamjia".

Dada yangu, Amani? Usioguswa?

Wajerumani walifungua taasisi yao ya utafiti wa kilimo pale mwaka 1902. Walipanda miti na mimea kutoka kila kona ya dunia waliyoweza kufika, walijenga reli ndogo hadi Sigi ya kuteremshia mbao. Waingereza wakaja wakaendelea, kisha ikawa ni habari ya malaria, watafiti wakikamata mbu. Kuna mashamba ya chai yameingia hadi ndani ya miti, ukisimama mahali fulani mguu mmoja upo msituni na mwingine upo kwenye chai. Mti wa maesopsis, ule mwembamba mrefu ambao nina hakika upo kwenye jalada la albamu kwa sababu nimeukwea, si wa pale. Uliletwa, ukajiotesha, ukaenea hadi wahifadhi wakaingiwa na wasiwasi. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, na kabla ya hapo na baada ya hapo kuna vijiji, shule, zahanati, misikiti, makanisa, na watu wanaoamka alfajiri. Mto Sigi unaotoka kule ndo maji ya kunywa ya jiji la Tanga. Ukioga Chumbageni unaoga msitu ule. Haujaguswa wapi?

Na huyo "peke yake na miti" alilala kwenye nyumba ya wageni. Alipikiwa. Kuni zilikatwa na mtu. Kuna kijana alimbebea boksi la selo kwenye njia ya utelezi, na kama mnajua njia ile wakati wa masika mnajua selo ilikuwa salama kuliko kijana. Alikaa siku nne. Watu wa Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo, na wanausema wakicheka. Yeye alikaa nne, tumshukuru.

Mtasema hayo ni maneno ya promosheni tu, mbona nakuza. Mnielewe kitu kimoja kuhusu milima ile. Hii si mara ya kwanza kwa mtu kushuka nayo kitu kizuri mkononi na kusema amekikuta hakina mwenyewe. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani pale Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Akapeleka mbegu kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu mmoja wa mimea akalipa ua jina rasmi, na jina lenyewe likawa la baron: Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani kwa mamilioni, wanaliita vayoleti ya Afrika, wazee wanaliweka dirishani jikoni. Sisi tulikuwa tukilipita tukienda kuteka maji. Jina letu halikuingia kwenye kitabu, na hela yake ukiitafuta Muheza hutaipata.

Haya, sasa wimbo wa tatu.

Wote mnaupenda, na mimi naupenda. Ndo ule ulioingia kwenye tangazo la hoteli ya kitalii, mnaufahamu, mdada anatembea na kanzu nyeupe kwenye ukungu. Piano inaanza peke yake, inagonga noti tatu kama mtu anayebisha hodi, halafu anaimba kwa Kishambaa. Hajui Kishambaa, amekariri, lakini amekariri vizuri. Chini ya wimbo ule mashabiki wameandika mambo. Mmoja anasema ni maombi ya mizimu ya msitu. Mwingine anasema anafanyia yoga. Mwingine ameandika kwamba haelewi hata neno lakini "anaisikia dunia ikiwa changa".

Mimi ninaelewa. Niwaambie unasemaje?

Mama anambembeleza mtoto. Anamwambia usilie, iliki zimekwisha. Watu wamekuja na futi kamba na kopo la rangi. Wamesimika bikoni. Wamehesabu mashina moja moja, wameandika kwenye karatasi, wamesema asante mama. Usilie, mwanangu, nitakupa nini sasa, nitakupa karatasi.

Basi. Hamna mizimu. Kuna futi kamba.

Kwa wale wasio wa kule, iliki inapandwa chini ya kivuli cha miti mikubwa, na kwa muda mrefu ndilo lilikuwa zao la fedha la familia nyingi Usambara Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuja kazi ya kuutenga ukanda wa Derema. Sababu yake ilikuwa ya kweli na sibishani nayo: vipande vya msitu vilikuwa vimekatika, vikahitaji kuunganishwa ili wanyama na mbegu zipite. Lakini pale katikati kulikuwa na mashamba ya watu, mengi tu. Mazao yalihesabiwa, mipaka ikawekwa, watu wakaacha kulima, na fidia ikawa hadithi ndefu ambayo ukitaka kuisikia kaa kibarazani na mtu yeyote wa umri wa mama yangu, agiza chai, usiwe na haraka. Bibi ninayemsema alikuwa na shamba kule. Aliutunga wimbo ule mwaka ule, akiwa na mjukuu mgongoni. Nilikuwa kijana wa sekondari. Mama yangu alikuwa akiuimba naye wakipepeta maharage, na alipokuwa akifika kwenye karatasi walikuwa wakicheka, kicheko kile ambacho si cha kuchekesha.

Sasa fungua kijitabu cha albamu, ukurasa wa mwisho, maandishi madogo. Wimbo wa tatu: "Wimbo wa asili. Mpangilio ni wa" na jina la dada.

Wimbo wa asili gani unaotaja bikoni? Wa miaka milioni 30?

Hapo ndipo povu langu lilipoanzia. Yaani wimbo wa mtu aliyeondolewa kwenye shamba lake ndani ya msitu umewekwa kwenye albamu inayosema msitu ule hauna mtu. Sidhani alifanya makusudi, na kwangu kosa linabaki palepale. Hakuuliza unasemaje. Angeuliza, kijana yuleyule aliyebeba selo angemwambia kwa dakika mbili.

Nimeshasikia majibu ya upande wake, maana nilipoandika mistari miwili tu kwenye ukurasa wangu walinijia kama nyuki. La kwanza: nyimbo za bembelezi hazina mwenyewe, ni za jamii. Kweli, zipo za jamii. Bibi huyu naye anaimba nyingi za hivyo, na angemwimbia yoyote katika hizo nisingekuwa na neno, ningeomba tu waandike "Washambaa" badala ya "asili", kwa sababu "asili" si kabila. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 ina sehemu nzima ya kulinda sanaa za jadi, kwa hiyo hata za jadi si jalala la kujiokotea. Lakini huu si wa jadi. Huu una mtunzi, yupo hai, anatembea na fimbo, ana kumbukumbu kuliko mimi. Na hakimiliki haisubiri mtu ajisajili. Bibi kutokujua njia ya COSOTA hakumfanyi asiwe mtunzi, kama vile wewe kutokuwa na cheti cha kuzaliwa hakukufanyi usiwe umezaliwa.

La pili: alipewa zawadi. Ndiyo, alipewa. Kanga doti moja na kilo mbili za sukari, na aliyepeleka alipiga picha. Nimeiona kanga, nzuri. Tangazo la hoteli lililipa kanga ngapi?

La tatu ndilo la hatari, kwa sababu linasemwa na watu wenye akili: amewatangaza, nyie mngejulikana na nani? Jamani. Mzulu mmoja wa Afrika Kusini, Solomon Linda, alirekodi wimbo uitwao Mbube mwaka 1939, akalipwa vijisenti. Ukavuka bahari, Wamarekani wakauchukua kama kitu cha jadi ya Afrika, ukabadilishwa jina, ukaimbwa na kila mtu hadi ukaingia kwenye katuni ya simba mnayoijua nyote. Wimbo ulitangazwa kuliko wimbo wowote uliotoka bara hili. Yeye alikufa mwaka 1962 akiwa maskini, na mabinti zake wakasubiri hadi mwaka 2006 ndipo kesi ikaisha kwa makubaliano. Kutangazwa walitangazwa, ndiyo.

Na la nne, ambalo liliniuma kidogo: eti sisi wagosi tuna roho mbaya, hatupendi mtu apate. Wallahi nataka apate. Nataka albamu hii iuze hadi lebo nyingine zione kwamba muziki wa nyuzi na melodi unalipa, ili vijana wa Unguja wanaojifunza selo wasiishie kupigia watalii wakati wa chakula cha usiku. Nataka aende kwenye matamasha makubwa. Mnajua ni mara ngapi nimekaa nikasubiri mtu wa kwetu atengeneze kitu cha namna hii, kisichonipigia kelele, kinachonichukulia kama mtu mwenye masikio? Ndo maana imeniuma. Ingekuwa albamu mbovu ningecheka nikaendelea na maharage yangu.

Kwa hiyo namwambia yeye mwenyewe, maana najua blogu hii anaisoma, mwaka juzi alijibu hapahapa ile ishu ya gauni. Dada, toleo jipya linakuja, mmetangaza na santuri za plastiki zitachapwa. Kabla hazijachapwa, futa neno "asili" kwenye wimbo wa tatu, andika jina la mtunzi. Mtu wako aandike mkataba, fungu la mtunzi liende kwa mtunzi, na la tangazo pia, tangu siku ya kwanza. Weka tafsiri ya maneno kwenye kijitabu, watu wajue wanafanyia yoga nini. Na ile sentensi ya msitu usioguswa, iondoe tu, albamu haitapungua hata noti moja. Kwa kweli ukisikiliza vizuri muziki wenyewe unaikanusha. Wimbo wa saba nyuma kabisa ya piano kuna mtu anakata kuni. Mliacha kwa bahati mbaya au kwa kupenda, sijui, ila ndo sekunde ninazozipenda kuliko zote.

Nyie mashabiki sasa, mnaojiandaa kunitukana, someni hili la mwisho kwanza.

Wiki mbili zilizopita nilipanda kwenda kumsalimia mama, nikapita kwa bibi. Nilimkuta kibarazani anachagua mchele. Nikamwamkia, shikamoo bibi, akaitikia, akaniuliza watoto, akaniuliza kwa nini nimekonda. Nikamwambia nimekuletea wimbo. Nikaweka simu kwenye ungo, juu ya mchele, kwa sababu ukiiweka pale sauti inakuwa kubwa kidogo.

Alisikiliza bila kusema. Zile noti tatu za piano zilipogonga aliangalia mlangoni, akidhani kuna mgeni kweli. Dada alipoanza kuimba, bibi akaacha mchele. Nilikuwa namwangalia usoni nikisubiri akasirike, maana mimi nilishakasirika kwa niaba yake tangu Dar. Hakukasirika. Vayolini zilipoingia alifumba macho. Palipofika kwenye karatasi akacheka kile kicheko.

Wimbo ulipoisha akaniuliza, "Huyu binti ana mtoto?"

Nikasema sijui bibi, nadhani hana.

"Anaimba vizuri. Ila anaharakisha mtoto hajalala." Akachukua ungo, akanirudishia simu. Kisha akasema, "Na kaimba nusu. Siku ile nilichoka, walikuwa na haraka na mvua inakuja. Zimebaki beti mbili."

Nikamwomba aniimbie, nirekodi. Akanitazama mimi, akaitazama simu, akakataa. Si kwa ukali. Alisema hizo beti zinasema kilichotokea karatasi ilipopelekwa ofisini, na hatazitoa tena kwa mtu anayesimama mlangoni na viatu. Mwenye wimbo mpya aje mwenyewe, akae, ale, atazipata.

Basi dada, ujumbe nimeufikisha. Njia unaijua: Muheza, halafu basi la kupanda Amani, linaondoka mchana likijaa. Ukilikosa chukua bodaboda, lakini vaa koti, na selo iache Dar safari hii. Ukifika kwenye chai uliza nyumba ya bibi wa wimbo, hata watoto watakupeleka. Kilo mbili za sukari zinatosha. Ila njoo na karatasi iliyoandikwa jina lake.